Njia Kumi na Moja: Kukimbia Ruiru na Thika kwa Miguu na kwa Msimbo

Leo tuziache seva na hifadhidata zipumzike kidogo, tuzungumze kuhusu kukimbia. Msiondoke! Kompyuta itaingia humo humo, kama kawaida yetu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "mkimbiaji". Hapa Kenya neno hilo lina wenyewe. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwezi wa Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Ukigawanya, ni kama dakika 2 na sekunde 51 kwa kila kilomita, mara 42 mfululizo. Mimi kilomita moja hunichukua dakika 6 na ushei, na nikimaliza ya kumi sitaki kusemeshwa. Sina kocha, sina meneja, na mbio za kulipwa siziwazii. Ni mtu wa kuandika programu anayekimbia mara nne kwa wiki: siku za kazi Ruiru ninakoishi, na Jumamosi Thika nilikozaliwa.

Tangu 2020 simu yangu imerekodi karibu kila mbio. Sasa nina mafaili karibu elfu moja. Marafiki wakiyaona huuliza swali moja tu: "Umepunguza muda kiasi gani?" Baada ya miaka hii yote naamini muda ndio kitu cha bei rahisi kabisa ndani ya mafaili hayo. Cha thamani ni njia yenyewe: nilipita wapi, na je, leo bado panapitika?

Nilianza wakati wa korona. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na upande wetu wa Kiambu mpaka ukawekwa kwenye daraja la mto Chania, pale Thika. Nilikuwa nimemaliza digrii ya sayansi ya kompyuta, nimerudi nyumbani, naandika msimbo kwenye meza ya chakula huku mama akiuliza kama hiyo ni kazi au ni mchezo. Kafyu iliisha saa kumi na moja alfajiri. Nikawa natoka baada ya hapo, nateremka hadi karibu na daraja, nawaona polisi kwenye kizuizi, nageuka. Kila siku njia ile ile.

Tarehe 7 Julai marufuku ikaondolewa, nami nikavuka. Faili la siku hiyo lina kilomita mbili tu zaidi ya yale ya nyuma, na mwendo wangu ulikuwa wa kobe. Lakini katika mafaili yote elfu, hakuna mstari ninaoupenda kama ule mwembamba unaovuka mto.

Tuje kwenye hali ya hewa, maana ndiyo kocha wangu wa kweli. Thika na Ruiru ziko kiasi cha nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, na mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Iten, kule mabingwa wanakofanyia mazoezi, ni mita kama 2,400. Kwa hiyo hewa yetu si nyembamba kama yao na kisingizio hicho sina. Faida ya kukaa karibu na Ikweta ni kwamba jua halina hila. Mwaka mzima huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo. Nikitoka saa kumi na mbili kasorobo, mwanzo wa safari ni giza, iwe Januari au Julai.

Kinachobadilika ni ardhi. Magharibi mwa barabara kuu, kwenye mashamba ya kahawa, udongo ni mwekundu. Ukivuka kuelekea mashariki, na hasa ukifika upande wa Juja, unakutana na udongo mweusi unaonata. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na ule mweusi unashika kiatu hadi mguu unahisi umefungwa tofali. Masika ya 2024 yalileta mafuriko yaliyoua watu wengi nchini na kuchelewesha kufunguliwa kwa shule. Kipindi hicho nilikimbia kwenye lami peke yake, na kando ya mito sikuthubutu kwenda. Juni hadi Agosti ni baridi, ukungu na manyunyu, na kwa mkimbiaji hiyo ndiyo miezi ya asali. Januari na Februari ni vumbi, na ukichelewa kutoka hadi saa tatu asubuhi jua litakuuliza umetoka wapi.

Programu nyingi za simu hulinganisha mbio za Aprili na za Januari kana kwamba ardhi ni moja. Zitakuambia umepungukiwa na nguvu, kumbe ulikuwa umebeba shamba la mtu chini ya viatu. Ndiyo maana kila faili langu lina neno moja nililoliongeza kwa mkono: tope, vumbi, kavu au lami. Neno hilo moja linaeleza mengi kuliko grafu zote.

Sasa kompyuta. Simu inajuaje umekimbia kilomita ngapi? Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita kama 20,200, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu husikiliza angalau nne, hupima mawimbi yamechukua muda gani kufika, kisha hukokotoa iko wapi. (Mambo ya anga si mageni kwetu. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, ilirushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru. Jina lilitoka hapo.)

Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Zinaonekana chache, sivyo? Lakini ikirekodi kila sekunde, na mimi kwa sekunde moja nasonga chini ya mita tatu, kosa linaweza kuwa kubwa kuliko umbali wenyewe. Mstari ulionyooka unakuwa zigizaga, na zigizaga ni ndefu kuliko mstari.

Nilifanya jaribio kwenye kiwanja cha shule moja chenye mzunguko wa mita 400. Mizunguko kumi, yaani mita 4,000. Simu ikasema 4,130. Nilipoiambia programu yangu ichukue nukta moja tu kila sekunde tano, ikashuka hadi 4,020. Nikajaribu kila sekunde ishirini, ikasema 3,820, kwa sababu sasa ilikuwa ikikata kona. Ukichukua nukta nyingi mno unahesabu kelele, ukichukua chache mno unapoteza njia.

Tazama maana yake. Zile mita 130 za uongo, kwa mwendo wangu, ni kama sekunde 12 kwa kila kilomita. Mtu akikuonyesha simu akajisifu kwamba wiki hii ameongeza kasi kwa sekunde tano kwa kilomita, mpongeze kwa adabu. Huenda ni mti tu uliomfunika.

Na muziki je? Hapa mdundo una kazi. Miguu yangu hupiga hatua kama 164 kwa dakika. Wimbo wenye midundo 164 unanifaa, na wenye midundo 82 unanifaa vilevile, mdundo mmoja kwa hatua mbili. Nimeandika programu ndogo inayokadiria midundo ya kila wimbo kwenye simu na kuupanga katika orodha yake: kupasha mwili moto, mwendo wa kawaida, kumalizia. Benga hukaa kwenye orodha ya kumalizia, maana gitaa lile halimruhusu mtu kutembea. Nyimbo za marehemu Joseph Kamaru nazisikiliza nikirudi nyumbani polepole.

Wakubwa nao hutumia mbinu hii. Februari 1998, mjini Birmingham, Uingereza, Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliomba wimbo wa Scatman upigwe ukumbini wakati akikimbia mita 2,000, na akavunja rekodi ya dunia ya mbio za ndani.

Lakini Haile hakuwa na boda boda nyuma yake! Kando ya barabara kuu mimi sivai vipokea sauti kabisa. Kwenye njia za mashamba navaa sikio moja tu. Nataka kusikia mbwa kabla hajaniona, na nataka kusikia salamu. Asubuhi ile mashambani watu husalimiana, na mtu anayepita bila kujibu huwatia wengine wasiwasi.

Hapo ndipo tunafika kwenye njia, jambo lililonifanya niandike haya yote.

Nilihamia Ruiru mwaka 2021. Barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, inapita katikati, na pembeni mwake kuna sehemu za waendao kwa miguu na madaraja ya kuvukia. Unaweza kukimbia hapo ukitaka. Lakini utakimbia na moshi wa malori, matatu zinazoingia steji bila kutangaza, na boda boda wanaoona njia ya miguu kama mkato wao. Uzuri wa Ruiru uko nyuma ya barabara: vijia vya udongo kati ya mikahawa, njia za kwenda mtoni, barabara za murramu za mashamba. Huu ni mji wa kahawa kwelikweli. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa chule buni, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilichoko hapa hapa.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na njia kumi na moja. Nilizipa majina kama watu wanavyowapa ng'ombe: Njia ya Kiwanda, Njia ya Mbwa Wawili, Njia ya Mzee. Hiyo ya Mzee ilipewa jina la mlinzi wa shamba moja aliyekaa langoni na redio yake. Siku ya kwanza nilisimama nikaomba ruhusa.

"Habari ya asubuhi, mzee. Naweza kupita?"

"Mzuri, kijana. Unakimbia na sioni anayekufukuza?"

"Najikimbiza mwenyewe, mzee."

"Basi pita. Lakini kahawa usiguse."

Sikuigusa. Nilipita hapo miaka miwili. Asubuhi moja mwaka 2023 nikamkuta amesimama nje ya lango badala ya ndani. "Wenyewe wameuza, kijana. Jumatatu wanaweka ukuta. Mimi pia narudi nyumbani." Wiki iliyofuata kulikuwa na mawe, seng'enge na bango la ploti.

Sina ugomvi na anayeuza shamba lake, wala na anayenunua ploti ajenge. Hesabu ya watu ya 2009 iliwakuta watu pungufu ya 240,000 hapa Ruiru. Ile ya 2019 iliwakuta kama 490,000. Ndani ya miaka kumi mji ulijizaa wenyewe tena! Watu hao wanahitaji kulala mahali, na mimi ni mmoja wao. Ninachosema ni kwamba ploti inapopimwa, mistari ya shamba inachorwa, mistari ya barabara inachorwa, lakini kijia ambacho watu wamekipita miaka thelathini hakichorwi na mtu. Siku ukuta unapojengwa, hakuna karatasi inayosema kuna kitu kimepotea.

Na kinapotea kwa mtu fulani. Kwenye Njia ya Mzee tulikuwa tukikutana na jirani mmoja, dada muuguzi, aliyekimbia asubuhi kabla ya kwenda zamu. Njia ilipofungwa nilihamia barabarani. Yeye aliacha kabisa. Aliniambia wazi: "Wewe ukikimbia gizani kando ya barabara, watu wanaona mkimbiaji. Mimi wakiniona wanaona mwanamke peke yake." Miezi saba hakukimbia. Nilipungukiwa na starehe ya kahawa na ukungu. Yeye alipungukiwa na mbio zote.

Hapo ndipo mafaili yalipopata kazi. Niligawa eneo lote la Ruiru katika miraba ya mita 25 kwa 25. (Kwa nini 25? Kwa sababu GPS hukosea kwa mita tano au zaidi chini ya miti, na mraba mdogo mno ungehesabu kelele. Sisi wa karibu na Ikweta tuna bahati: digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo karibu ni sawa, kilomita kama 111 kila moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi.) Kwa kila mwaka programu ikatia alama kila mraba niliowahi kupita. Kisha nikaiuliza: ni miraba gani niliipita 2021 na sijaipita tangu 2023? Skrini ikajaa nyekundu. Kati ya njia zangu kumi na moja, sita tu zilikuwa hai.

Swali la pili lilikuwa bora zaidi. Ukichukua miraba iliyo hai, je, unaweza kuiunganisha iwe mzunguko mmoja unaokwepa barabara kuu? Hilo ni swali la kale katika fani yetu. Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha jibu lake mwaka 1959: algoriti ya kutafuta njia fupi kati ya vituo vilivyounganishwa. Nikaipa kila mraba gharama. Kijia chenye watu asubuhi, gharama ndogo. Murramu, ya kati. Kando ya barabara kuu, kubwa mno. Sehemu isiyo na nyumba wala taa, kubwa pia, kwa sababu ya maneno ya dada yule.

Programu ikatoa mzunguko wa kilomita 7.2. Sehemu yake moja sikuwa nimeipita tangu Novemba 2021 na nilikuwa nimeisahau kabisa: kijia nyuma ya shule ya msingi kinachotokea kwenye daraja dogo la miguu. Kichwa changu kilishakisahau, faili lilikuwa limekitunza. Nikaenda kukikagua mchana. Wanafunzi wanakipita, akina mama wa sokoni wanakipita, na kipo wazi. Jumatatu iliyofuata tulikipita watatu: dada yule, mwenzake wa kazini, na mimi nyuma nikihema. Sasa kikundi kina watu tisa, na siku zangu za kusafiri wanakimbia bila mimi.

Baada ya hapo nilitia vijia vyote vilivyo hai, ninavyojua vinatumiwa na umma, kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Wakenya wanaifahamu kazi hii tangu 2009, vijana wa Kibera walipochora mtaa wao ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Kijia kilicho kwenye ramani hakipati hatimiliki kwa sababu hiyo, tusidanganyane. Lakini mwanakandarasi akija, au mkutano wa wadi ukiitishwa, kuna kitu cha kunyooshea kidole. Na kando ya mito sheria yetu imetenga ukanda wa mita 6 hadi 30 usiojengwa. Vijia vingi viko humo, na vinafaa kujulikana.

Ukitaka kuanza, haya ndiyo ninayofanya. Washa simu irekodi hata siku unayotembea. Hifadhi faili la GPX kwako mwenyewe, si kwenye programu ya kampuni peke yake, maana kampuni hufa na akaunti hufungwa. Andika neno moja kuhusu ardhi. Omba ruhusa langoni. Mashamba ya mananasi kule Thika siyagusi kabisa, ni ya watu na yana walinzi.

La mwisho, na hili ni la muhimu: kabla ya kumwonyesha mtu yeyote ramani yako, kata mita 300 za mwanzo na za mwisho. Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya pamoja ya mbio iliyochapishwa na Strava ilikuwa ikionyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia humo na saa zao mkononi. Kama ramani ilifichua kambi, nyumba yako itaifichua mara moja, pamoja na saa unayotoka. Dada zetu wanalijua hili kuliko sisi.

Programu yenyewe ina mistari kama 140 ya Python, na nitaiweka hapa wiki ijayo mkiitaka. Kwa sasa manyunyu yameanza, kwa hiyo kesho neno litakuwa "tope". Kama unakaa Thika, Juja, Ruiru au hata Kilifi na unajua kijia ambacho hakipo kwenye ramani, kipite wiki hii na simu ikiwa imewashwa. Usijali umetumia dakika ngapi.